Mwali wa Pili

Jumanne tulimzika dada yangu Mwanvua huko Kinole, na nusura tusimzike, maana Mihambo aliziba mlango. Mihambo ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi Waluguru, na mtani akifika msibani ana ruhusa ambayo hata shehe hana. Alipanda na lori la kuchukua ndizi, mzee mwenye meno manne na fimbo ya mpera, akakaa kizingitini, akanyoosha miguu, akailaza fimbo kukatiza mlango. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Wachukuzi wakamwuliza anataka nini, wakidhani ataomba jogoo au kanzu, kama watani wanavyoomba. "Sitaki kitu," akasema. "Nyumba hii ina wali wawili. Kwenu Waluguru, wali waliolala ndani pamoja hutoka pamoja. Huyo mmembeba. Mwenzake yuko wapi?" Watu wakacheka kidogo, halafu wakatazamana, maana hakuna aliyejua anasema nini. Tuliojua tulikuwa watatu tu duniani: yeye pale kizingitini, Mwanvua ndani ya jeneza, na mimi niliyekuwa chumbani nimeegemea ukuta, naomba ardhi inimeze.

Tangu siku ile wajukuu wa Mwanvua hawanipi nafasi. "Babu, mwali wa pili ni nani?" Nimewaambia nitaandika, waniache nile. Daftari la mwaka wa mambo hayo ninalo, limeliwa na mchwa pembeni lakini katikati linasomeka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya serikali ya Wadachi, Wajerumani, huko pwani na vitu viwili: mwandiko mzuri na ufundi wa kupiga tarumbeta. Mwandiko ulinipa kazi ya karani mdogo katika boma la Morogoro. Tarumbeta ilinipa hayo mengine yote. Ukurasa wa kwanza nimeandika, kwa herufi zilizosimama kama askari, "Nimekusudia kuwa mtu wa maana kabla ya mwaka kwisha." Ukurasa wa pili nimeandika kwamba nimetumbukia mto Morogoro na suruali ya boma, nikifukuzwa na bata bukini wa Mdachi. Ukurasa wa nne nimeposa. Ukurasa wa tano nimeposa tena, kwingine, Ijumaa ile ile, kwa sababu wa kwanza aliomba siku tatu za kufikiri na mimi siku tatu sikuwa nazo. Ndivyo nilivyokuwa. Sikuweza kungoja maji yachemke. Nilikunywa pombe ikiwa bado mbichi, nikaumwa tumbo, nikaandika daftarini kwamba Morogoro ni mji mdogo mno kwa mtu kama mimi. Siku moja mimi na Mihambo tulichukua toroli la mafundi wa reli, tukaliachia mteremkoni, yeye anapiga tarumbeta kufukuza mbuzi. Lilipofika mwisho halikusimama. Sisi tulisimama, ndani ya ua wa mkonge.

Mihambo wakati ule alikuwa mpiga tarumbeta wa askari, kijana mwenye kifua kama pipa. Mchana mmoja wa jua kali, Wadachi wamelala, tulikuwa tunakula ugali na maini nyuma ya nyumba za askari, na tarumbeta iko juu ya mkeka kati yetu kama mgeni wa tatu.

"Mtumwa wangu," akaniambia, "usiiangalie hivyo. Hiyo si kitu cha Mluguru. Mluguru anapuliza moto, tena huku anatoka machozi."

"Mimi nimefundishwa na Mdachi mwenyewe."

"Ulifundishwa nyimbo za kumlaza mtoto. Humu mna milio ya wanaume. Kuna mmoja ukipigwa, hata Bwana Mkubwa anakimbia."

"Upi?"

Hapo ndipo iliponipasa nimege ugali, nitie mdomoni, ninyamaze. Alininong'oneza ule mlio, nami nikaupiga, mara tatu, safi, wala pumzi haikukatika. Ulikuwa mlio wa kusema adui ameingia. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa bado katika vichwa vya watu wa boma. Askari walitoka mbio, mmoja amenyolewa nusu ndevu. Mke wa Mdachi mmoja alipandishwa juu ya dari na ngazi ikaondolewa. Bwana Mkubwa akatoka bafuni na taulo na upanga, sabuni iko masikioni, akiamuru watu wapige kule mlimani, na wakapiga, na risasi moja ikampata ng'ombe wake wa maziwa.

Nimefikiri miaka mingi juu ya kosa letu, na sioni kama watu wengine wangelikosea vile. Sisi tulikua tukijua kwamba utani ni ngao. Mtani akikuvunjia chungu, unacheka. Akikutukania mama yako mbele za watu, unampa kuku. Kwa hiyo kwetu jambo lile lilikuwa limekwisha palepale: mtani kanichokoza, nimemjibu, nani akasirike? Tulisahau kwamba Mdachi hana mtani. Kabla ng'ombe hajachunwa nilisikia shaushi, mkubwa wa askari, akitangaza: karani akipatikana, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo wa shingo na mawe ya barabara. Mihambo aliapa kwamba nilimpokonya tarumbeta akiwa anatafuna, tena kwamba ameniona narukia gari moshi la Dar es Salaam. Alikula viboko kumi kwa kutafuna ovyo. Mimi nilikuwa nimeshaupa mji mgongo, napanda mlima kuelekea Kinole kwa Bibi, na daftari limo kifuani.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anapepeta mpunga. Siku zote aliniita mume wangu, kama bibi wanavyotania wajukuu zao. Siku ile akasema, "Mume wangu, umeua ng'ombe wa mzungu kwa mdomo. Hata simba anatumia kucha." Kisha tukasikia mbwa wa bondeni wanabweka, na mtu akapita akisema akida wa serikali anapanda na askari wawili. Bibi akaweka ungo chini. "Ingia kwa mwali."

Pale nyumbani palikuwa na mwali, binti wa mama yangu mdogo, Mwanvua. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, hatoki, haonwi na mwanamume, mpaka siku ya ngoma. Wengine miezi. Enzi zile wengine miaka. Nikamwambia Bibi ni mwiko. "Mwiko kwa mwanamume," akasema, ameshashika wembe. Alininyoa kichwa na vindevu vyangu kumi na viwili, akanipaka mafuta ya mbarika, akanifunga kaniki, akanisukuma kwenye chumba ambacho giza lake lilikuwa na harufu ya moshi na ndizi mbivu. Nikahisi mtu ananitilia mikononi kitu kizito kama mchi mfupi. Sauti ndogo ikasema, "Mshike vizuri kichwa, kaka. Ni mtoto huyo." Ilikuwa mwana hiti, mtoto wa mti, ambaye mwali humlea huko ndani, anamwogesha, anampaka mafuta, ili aje alee wa kweli.

Nje akida akafika. Alikuwa mtu wa pwani, amevaa koti juu ya kanzu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba."

"Ndani kuna nani?"

"Wali wawili. Mmoja wangu, mwingine kaletwa jana kutoka Mgeta, bado anamlilia mama yake."

"Nataka kuwaona."

"Waone, baba. Ila anayemwona mwali kabla ya ngoma hupofuka, jicho moja kwa kila mwali. Hawa wawili. Mimi sikuzuii, nasema tu nani atakushika mkono kushuka, maana njia yetu ina mawe."

Nikasikia viatu vya askari vikirudi nyuma hatua moja, vikirudi tena. Akida akakohoa. Akasema basi, atakuja siku ya ngoma awaone wote wawili wakitoka, kama kila mtu.

Nilidhani nimeokoka. Daftari: "Siku ya kwanza. Nimewashinda." Siku ya tatu: "Akili yangu inaoza." Siku ya sita: "Nimehesabu fito za dari. Mia na nne." Siku ya saba: "Mia na tatu. Moja niliihesabu mara mbili." Chumba kilikuwa hatua tano kwa nne. Hakikuwa na dirisha. Ukutani, udongo ulipobanduka, palikuwa na ufa wa upana wa kidole, na kupitia pale uliona mgomba mmoja, kipande cha mlima, na mbuzi wa jirani akifungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Nilimwonea wivu yule mbuzi mpaka nikamwandikia nusu ukurasa. Tulilishwa kama watu wanaonenepeshwa kwa sikukuu: uji wa mchele alfajiri, ndizi za kuchemsha na maharage mchana, ugali na mlenda jioni, na Bibi amesimama juu yangu, "Kula, mke mwenzangu, watu wataniuliza mbona mwali wangu ana miguu ya kunguru." Mke mwenzangu. Lile jina la mume wangu lilikuwa limekufa siku ya wembe.

Mwali hapazi sauti. Mwanvua alinong'ona tu, na kwa kunong'ona alinipiga kuliko kiboko. "Kaka, unapumua kama ng'ombe. Tena ng'ombe aliyepigwa risasi." Au ananitazama nikizunguka chumba: "Ukifika useme, nikupokee mzigo." Siku moja nilimlalamikia mchana kutwa, kwamba mtu aliyesoma hawezi kufungwa hivi, kwamba damu yangu imesimama, kwamba nitapiga kelele. Yeye alikuwa anampaka mwana hiti mafuta, taratibu, nyuma ya shingo, pale watoto wanapopendwa. "Huyu ni wa mti, halii," akasema. "Wewe ni wa nyama, hunyamazi. Sijui nani nimpeleke kwa mganga." Nikamwuliza yeye ameingia lini. Akasema mavuno ya mwaka juzi. Niliandika daftarini, "Mwanvua yuko humu tangu mavuno ya mwaka juzi," na mstari wa chini yake nimeandika tena juu ya mbuzi. Leo nikiusoma ukurasa ule, naona haya hata mbele ya mchwa walioula.

Ufa ule ulileta pia maneno. Wanaume walipumzika ukutani kwetu wakitoka shamba, na mimi nilisikia habari zangu. Mmoja alisema karani yule amegeuka chui. Mwingine akasema hapana, amepanda meli, sasa anapigia tarumbeta mfalme wa Wadachi. Nilifurahi, nikaandika yote. Halafu siku ya ishirini na kitu walikaa wanawake wawili, yule somo aliyemfunda Mwanvua na jirani, wanachambua kisamvu.

"Na Mwanvua ngoma lini? Si mlisema mavuno haya?"

"Ndiyo, haya. Mwezi unaoandama. Sasa Bibi kamletea mwenzake wa Mgeta, na huyo hajakaa hata mwezi. Hawezi kutoka mmoja mwingine akabaki. Mwiko."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mavuno yajayo. Au ya mbele yake."

"Masikini. Na hajasema neno?"

"Mwali atasema nini?"

Niligeuka. Mwanvua alikuwa na mwana hiti mapajani, kidole gumba kimesimama shingoni mwa yule mtoto. Nikamwuliza, "Ulijua?"

"Nilijua siku uliyoingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda wapi?"

Ningependa kuandika kwamba niliinuka palepale. Njia ilikuwepo, Bibi alinieleza jioni ile nilipombana. Mwali akiugua huweza kufunikwa gubigubi, akaongozwa njiani kurudi kwa mama yake, na akishaondoka kwa ugonjwa hahesabiwi tena. Mwenzake atatoka peke yake. Lakini kutoka kama mwanamume nisingeweza, ningemharibia Mwanvua maisha, watu wangesema alilala na mwanamume ndani. Na huyo mwali wa Mgeta hakuwa na mama Mgeta. Nikivuka kijito na kuvua kaniki, hakuna nyumba nyingine ya kunificha. Kila njia inaishia bomani. "Basi fikiri, mke mwenzangu," Bibi akasema, "ila usifikiri mpaka mpunga uishe shambani." Nilifikiri siku tisa. Siku tisa, nazihesabu daftarini, na kila siku nimeandika juu ya kiboko: urefu wake, ngozi yake, jinsi askari mmoja mwenye mkono wa kushoto anavyopiga mlazo. Kuhusu Mwanvua nimeandika mara moja, kwamba amenipa ndizi yake.

Siku ya kumi, saa za adhuhuri, ng'ambo ya bonde walimtoa mwali wa nyumba nyingine. Tulisikia ngoma ikianza, vigelegele, kisha ule mshindo unaojulikana, wa mwali kupandishwa mabegani kwa mjomba wake aonwe na watu. Nilikwenda ufani lakini mgomba ulinizuia. Nikageuka kumwambia Mwanvua haionekani. Alikuwa amekaa mkekani, macho chini kama anavyofundishwa mwali, mikono imetulia, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Mabega tu. Kila mpigo wa ng'ambo ya bonde ulimfika begani, la kulia, la kushoto, laini, sawasawa, na hakuna aliyekuwa anamtazama ila mimi, ambaye sikutakiwa kuwepo. Hakujua kama nimegeuka. Nilingoja mpaka ngoma ikanyamaza, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kungoja kitu. Kisha nikamwita Bibi, nikamwambia naumwa.

Tulishuka kesho yake asubuhi. Bibi mbele, mimi nyuma nimefunikwa kaniki mpaka vidoleni, nimeshika ncha ya fimbo yake, naona unyayo wangu na mawe tu. Mwanvua alinipa neno moja mlangoni, kwa sauti yake ile ndogo. "Kaka, usiwasimulie fito za dari. Watakuongezea viboko." Njiani kila tulipokutana na wanaume, Bibi alikohoa, nao wakageuka, wakatazama vichaka mpaka tupite. Chini kidogo ya kijito akakohoa tena, nami nikaona viatu, na pindo la kanzu chini ya koti. Akida. "Bibi, shikamoo. Huyu ndiye wa Mgeta?" "Ndiye, baba. Tumbo. Nampeleka kwao." "Mungu amponye," akasema akida, na viatu vikageuka. Nilipita karibu naye hata nikasikia harufu ya karafuu mdomoni mwake. Mtu aliyenitafuta mwezi mzima alikuwa amesimama anatazama majani ya mhogo, kwa heshima yangu.

Morogoro nilifika nimeshavua kaniki. Bomani Bwana Mkubwa hakuwepo, amekwenda kwao kwa mapumziko, na aliyekaimu alikuwa kijana mwekundu ambaye hakunijua. Akauliza kosa langu. Karatasi ya shauri langu haikuonekana, maana mpanga karatasi wa ofisi ile nilikuwa mimi. Ikabidi nimweleze mwenyewe: mlio, ngazi, sabuni, ng'ombe. Nyumba niliyojificha sikuitaja. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Kisha akaivaa, akasema hamsa ishirini. Siku hiyo daftari halina neno. Baada ya wiki tatu kwenye mnyororo, na mawe ambayo hadi leo nikipita barabara ile nayajua kwa sura, waliniachia, na nililala kifudifudi kwenye mkeka wa Mihambo, yeye ananipaka mafuta ya nazi na kunitukana ukoo mzima. Yeye ndiye niliyemwambia habari za wali wawili. Alicheka hadi akatoka nje kutapika. Wapita njia walitwambia Kinole kumekuwa na ngoma kubwa, binti mmoja ametolewa, amecheza mpaka wazee wakasimama. Sikuiona. Mgongo haukunikubali mlima.

Mwanvua hakusema kitu miaka yote ile. Aliolewa, akazaa saba, akaishi nyumba ile ile ya Bibi, na kitu cha kwanza alichofanya ilipokuwa yake ni kutoboa dirisha kwenye ule ufa, dirisha kubwa, la kupita mtu. Tukikutana alinisalimu, kisha akaniuliza mbele za watu, "Kaka, mbuzi hajambo?" Nami nikajibu hajambo. Watu walidhani nafuga.

Sasa Jumanne. Mihambo kizingitini, fimbo mlangoni, wachukuzi jeneza linawaelemea. Kijana mmoja akaanza kukasirika, akaambiwa na wazee, tulia, huyo ni mtani. Nikatazama kitandani kwa marehemu. Palikuwa na kaniki yake imekunjwa. Nikaichukua, nikajifunika kichwa mpaka machoni, mzee mzima mwenye magoti mabovu, nikatoka chumbani, nikaja mlangoni. Wajukuu wakacheka, hawakujua wacheke nini. Mihambo hakucheka. Aliinua fimbo yake, akageuza uso wake mzee akatazama migomba, kwa heshima, kama wanaume walivyogeuka siku ile njiani. "Pita, mwali," akasema.

Nikapita. Nilitoka mimi kwanza, kama mara ile, ili naye aweze kutoka. Lakini safari hii sikushuka mlima. Nilisimama uani, nikaiteremsha kaniki, nikamtazama akitolewa mlangoni kwenye jua, juu ya mabega ya wanaume wa ukoo wake.